Siku nne Kigoma: kabla ya kuuliza bei ya sokwe, uliza mwezi uko wapi

Msomaji wetu wa Morogoro anauliza: "Mwezi wa tisa tunakuja Kigoma kwenye harusi ya shemeji yangu. Tunafika Jumatano mchana kwa ndege, harusi ni Jumamosi, tunaondoka Jumatatu asubuhi. Tuko wanne: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa miaka tisa, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Kila tunayemuuliza anatuambia Kigoma ni sokwe wa Gombe tu, usipokwenda huko utakaa hotelini mpaka siku ya kuondoka. Ni kweli? Na kama si kweli, tuone nini, tule nini, turudi na nini?"

Dada yangu, karibuni mwisho wa reli. Mama mpe shikamoo yangu.

Waliokuambia hivyo hawakukudanganya, ila wameona kitu kimoja wakaondoka. Ingekuwa Kigoma ni Gombe tu, basi nusu ya familia yako isingekuwa na safari, maana mwanao wa miaka tisa hataruhusiwa kuwafuata sokwe, umri wake haujafika, na mama hataweza ile milima. Nimetembeza wageni katika mji huu miaka mingi, na waliofurahi zaidi ni wale waliokubali kwenda na saa za Ziwa Tanganyika. Hapa ziwa ndilo lenye ratiba. Usiku lina shughuli yake, alfajiri ina yake, jioni ina yake, na mchana wa jua kali watu wamelala. Mgeni anayeamka saa tatu, akanywa chai, akatoka saa tano, anakuta mchanga mtupu na mbwa wamelala kivulini. Huyo ndiye anayerudi kwao akasema Kigoma hakuna kitu.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, angalia mwezi. Kama huna kalenda inayoonyesha mwezi, muulize mzee yeyote wa msikitini leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Akikujibu kati ya kumi na mbili na kumi na saba, basi ni mbalamwezi, na wavuvi wengi watakuwa wamepumzika wanashona nyavu. Akikujibu ishirini na kitu, au tarehe mbili tatu za mwanzo, ni giza. Mwombe Mungu muwe mmefika wakati wa giza.

Sababu yake ni hii. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza wavuvi hutoka jioni, wengi wao kwa kipe, yaani mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, na katikati yake wavu mkubwa unaoshushwa chini kama mfuko. Wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanakuja kwenye mwanga, migebuka nao wanakuja kuwala dagaa, kisha wavu unavutwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, ukisimama ufukweni unasikia zinavyonguruma. Siku hizi wengi wanatumia balbu za betri na za umeme wa jua. Mwezi ukijaa, mwanga unaenea ziwa zima, dagaa hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa ya mtu, na mafuta ya injini yanaliwa bure.

Sasa wewe Jumatano usiku, baada ya chakula, kiasi cha saa mbili au saa tatu, mtoe mama kitini mwake mkae mahali popote palipoinuka panapotazama ziwa. Baraza ya gesti ya mlimani inatosha. Utaona mstari wa taa kutoka kusini hadi kaskazini, mamia, nyingine zimetulia, nyingine zinacheza na mawimbi. Kila mgeni ninayemleta hapo huniuliza swali lilelile: "Ule ni mji gani wa Kongo?" Si mji. Ni watu wako kazini juu ya maji. Ng'ambo ya Kongo iko kiasi cha kilomita hamsini, na mwezi wa tisa hata mchana milima yake huioni sawasawa, kwa sababu ya moshi wa mbuga zinazochomwa na vumbi la kiangazi. Mwaka mmoja nilipokea familia iliyotoka mbali, nikawapandisha kilimani kwa mbwembwe zote, na mwezi ulikuwa wa kumi na nne. Tulitazama maji matupu yanang'aa kama bati. Yalikuwa mazuri, lakini siyo niliyowaahidi. Tangu siku hiyo sipokei nauli ya mtu kabla sijamwambia habari ya mwezi.

Na jambo jingine la kalenda: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na majirani wa ziwa, ili samaki wapate kuzaliana. Msomaji mwingine anayefikiria kuja miezi hiyo aulize kwanza kama kuna kufungwa mwaka huo, kwa sababu mwalo, yaani ufuko wa kushushia samaki, bila samaki ni uwanja tu. Nyinyi mnakuja Septemba, salama.

Alhamisi amkeni mapema. Saa kumi na mbili na nusu muwe Kibirizi, mwalo ulioko kaskazini kidogo ya mji. Bajaji inawafikisha upesi, na mama hapandi mlima wowote. Hapo ndipo taa za jana usiku zinapogeuka kuwa watu wenye macho mekundu na ndoo za fedha tupu. Nasema fedha kwa sababu dagaa mbichi ndivyo wanavyoonekana jua linapowapiga. Mitumbwi inaingia, wachuuzi wanaingia majini mpaka magotini kuwahi, bei inatajwa mara moja na kukubaliwa au kukataliwa kwa kutikisa kichwa. Kaeni kando, msizuie njia ya wabeba mizigo. Ukitaka kupiga picha, salimia kwanza. Waha asubuhi husema "Mwakeye", nawe ukimwambia mama wa Kibirizi neno hilo moja kabla hujatoa simu mfukoni, mambo yatakuwa mepesi.

Kaa karibu na mama mmoja anayeanika umwangalie mikono. Kuna wanaoanika mchangani na kuna wanaoanika kwenye chanja, yaani nyavu zilizotandazwa juu ya miti kiasi cha kiuno. Asubuhi moja nilimtazama mama wa makamo akimwonyesha mnunuzi tofauti yake. Alichota dagaa wa mchangani kiganja kimoja, akawamimina kwenye kiganja cha pili, akawarudisha, mara tatu hivi, kisha akafungua kiganja. Dagaa alishawatoa, lakini mistari ya kiganja ilikuwa imejaa mchanga mwembamba kama unga. Akafanya hivyohivyo kwa dagaa wa chanja, akafungua kiganja, kikawa na mng'ao wa magamba tu. Hakusema neno. Mnunuzi akalipa bei ya chanja.

Nanyi fanyeni hivyo mtakaponunua. Mengine ya kutazama: dagaa mzuri ana rangi ya fedha, kichwa kimeshika, ukimkunja anavunjika. Aliyegeuka njano ya mafuta na harufu yake inachoma puani amechacha, hata akikaangwa na nyanya za mji mzima hatatengenezeka. Lakini Alhamisi msinunue. Mkibeba dagaa siku nne ndani ya chumba cha hoteli mtachukiana. Ulizeni bei, mjue, mrudi Jumapili.

Mtaona pia kwamba baadhi ya miti na kuta za ufukweni ziko majini. Maji ya Tanganyika yamepanda sana miaka hii, na watu wa kandokando wamepoteza nyumba na maeneo ya kuanikia. Nitalirudia jambo hili la maji kupanda na kushuka tukifika Ujiji, kwa sababu bila hilo Ujiji haieleweki.

Gombe ni ya wewe na mume wako, na mnapaswa kuamua kabla hamjafika. Hifadhi haina barabara, mnafika kwa maji tu, kiasi cha kilomita 16 kaskazini ya mji. Boti za abiria zinazokwenda vijiji vya kaskazini hutoka Kibirizi adhuhuri na hurudi alfajiri, kwa hiyo mkipanda hizo lazima mlale hifadhini, na mkitaka asubuhi nzima na sokwe mtalala mara mbili. Kwa watu wenye harusi Jumamosi, mimi siwashauri. Waulizeni wageni wenzenu wa harusini, patakuwa na watatu au wanne wenye hamu kama yenu, mkodi boti pamoja Ijumaa, mwondoke giza halijaisha na mrudi mapema, maana alasiri ziwa huchafuka. Kila mmoja avae jaketi okozi, na avae ufukweni kabla ya kupanda, asiliweke chini ya kiti. Boti ikiwa imejaa kupita kiasi, shukeni, hata kama mmeshalipa. Mimi niliwahi kunyamaza kwa kuona haya, nikasafiri maji yakiwa vidole vitatu chini ya ukingo, na mpaka leo nikikumbuka tumbo linanikaza.

Watanzania hulipa kiingilio cha chini sana kuliko wageni wa nje, kwa hiyo lile neno "ghali" lisikutishe kabla hujauliza. Beba kitambulisho chako cha taifa, na ulipie kwa namba ya malipo, si fedha taslimu. Kinachokula pesa ni boti, ndiyo maana nasema mgawane.

Hifadhi yenyewe ni ndogo, mabonde membamba yanayoshuka milimani hadi ziwani, na sokwe wake ni karibu mia moja katika makundi matatu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alishuka pale 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, pamoja na mama yake. Miezi michache baadaye alimwona sokwe mmoja akichokoa kichuguu kwa bua na kula mchwa walioganda juu yake. Siku zile wataalamu walikuwa wanafundisha kwamba mwenye kutengeneza zana ni binadamu peke yake, kwa hiyo yale mabua ya Gombe yaliwalazimisha kuandika upya. Goodall alifariki 1 Oktoba 2025, na watafiti Watanzania wanaendelea kuwafuata wajukuu na vitukuu vya sokwe aliowapa majina. Kiangazi kama chenu sokwe hushuka chini zaidi, hivyo mnaweza kuwapata bila kupanda saa nyingi, ila msiseme hakika. Ni msitu, na wao hawana miadi. Mwenye mafua asiende kabisa. Maradhi yetu ya kifua huwaua, ndiyo maana mtavaa barakoa na kukaa mbali nao. Atakayepiga chafya langoni atabaki ufukweni, na ni haki.

Mkiwa huko, mama na mtoto wasikae hotelini. Waende Ujiji.

Ujiji iko chini ya kilomita kumi kutoka mjini, daladala zinakwenda, bajaji ni rahisi zaidi kwa mama. Watu wengi wanaingia kwenye makumbusho ya Livingstone, wanapiga picha na masanamu mawili ya wazungu wanaopeana mikono, wanatoka baada ya dakika ishirini. Hilo ni kosa. Ujiji ni mji wa kukaa.

Mwambie mwanao aulize swali moja akifika kwenye mnara: ziwa liko wapi? Vitabu vinasema Livingstone alikuwa akiishi karibu na maji, na leo kutoka kwenye mnara unatembea kushuka ndipo uyafikie. Jibu lake ni zuri. Zamani zile ziwa lilikuwa limejaa kuliko sasa, kwa sababu mto Lukuga ulioko upande wa Kongo, ambao ndio mlango wa kutokea maji, ulikuwa umezibwa na udongo na matete. Mwaka 1878 hivi maji yakafurika, yakalisukuma lile ziba, na ziwa likashuka mita kadhaa. Ufuko ukaiacha Ujiji nyuma. Kwa hiyo maji yaliyopanda Kibirizi na maji yaliyokimbia Ujiji ni hadithi moja. Ziwa hili huhama. Mtoto akilielewa hilo amepata kitu ambacho hata walimu wengine hawana.

Ndani, msimulizi ataanza na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliyeandika kwamba alifika 10 Novemba 1871 na kumkuta Livingstone hoi, mali yake aliyoiagiza imeshauzwa na mtu aliyeaminiwa kuitunza. Msikilizeni, kisha mwombeni aongeze habari za Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Susi ndiye aliyemlaki Stanley kabla Stanley hajamwona Livingstone. Na Livingstone alipofariki Mei 1873 huko Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, ni wao wawili na wenzao walioukausha mwili na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi. Mimi huona ajabu kwamba masanamu ni ya wale wawili waliopeana mikono tu.

Muulizeni pia habari ya watu waliopita hapo bila kutaka. Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara, kutoka Bagamoyo na pwani, kupitia Tabora, hadi ng'ambo ya ziwa kwenye nchi ya Manyema. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliikuta imeshakuwa soko walipofika mwaka 1858. Pembe za ndovu zilivuka hapa, na watu walivuka hapa wamefungwa. Baadaye aliyetawala biashara hii Ujiji alikuwa Rumaliza, ambaye jina lake kamili ni Muhammad bin Khalfan, na mkono wake ulifika mbali kandokando ya ziwa mpaka Wajerumani walipoingia. Miembe mikubwa mtakayoiona imeota katika historia hiyo. Ule mti ambao Livingstone na Stanley wanasemekana kukutana chini yake haupo tena, iliyopo ni miti iliyopandikizwa kutokana nao. Mama akisikia uchungu pale, aachwe akae kidogo. Wageni wengi husikia, na hilo si jambo la kuharakishwa kwa picha.

Baada ya hapo tembeeni polepole mitaa ya Ujiji ya zamani. Wanawake wajitande mtandio, ni mji wa Waislamu na heshima yake inaonekana. Utaona mabaraza, wazee na vikombe vya kahawa chungu, nyumba za mtindo wa pwani zilizojengwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani. Utasikia Kiswahili chenye lafudhi ya Manyema, maana wengi wa wenyeji wa Ujiji babu zao walitoka ng'ambo. Mkikaribishwa barazani, kaeni. Huko ndiko kuiona Ujiji kwenyewe, na magoti hayahitajiki.

Stesheni ya reli mtaipita kila siku mjini, maana mji wote umeanzia hapo. Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905 na wakafika hapa mwaka 1914, kiasi cha kilomita 1,250. Jengo lenyewe na matao yake lingalipo, na pale unaposimama mwisho wa njia unaona maji mbele yako. Inatosha dakika kumi, isipokuwa siku ya treni, hapo kaeni mtazame mizigo.

Meli ndiyo habari. Liemba ilitengenezwa Ujerumani, Papenburg, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku kama 5,000, ikasafirishwa mpaka Kigoma na kuungwa upya hapa. Iliingia majini Februari 1915, vita vimeshaanza. Julai 1916 Wajerumani wakikimbia waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini mafundi wao kwanza waliipaka mitambo grisi nzito, kana kwamba walijua kuna watakaoihitaji. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, grisi imefanya kazi yake, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina jipya. Vizazi vya watu wa Kirando, Kipili na Kasanga wamezaliwa wakiisikia honi yake. Mwaka 2015 ilibeba maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamekwama Kagunga, kijiji cha mpakani. Ilisimama miaka kadhaa kwa ajili ya matengenezo makubwa, kwa hiyo msiihesabu kama usafiri kabla ya kuuliza. Ulizeni ofisi za bandari kama mnaruhusiwa kuiona, na msipige picha bandarini wala stesheni bila ruhusa. Pengine mume wako atapenda kujua kwamba mwanamapinduzi Che Guevara naye alivukia Kigoma Aprili 1965 kwenda kupigana Kongo, akarudi kwa maji yaleyale Novemba, ameshindwa.

Jumapili, harusi imekwisha na miguu inauma, nendeni Mwamahunga, ufuko ambao wengi wanauita Jakobsen, mbele kidogo ya kijiji cha Katonga. Kuna kiingilio. Nendeni asubuhi, na mtoto awe na miwani ya kuogelea, hilo msisahau kulinunua huko Morogoro. Maji ya Tanganyika ni maangavu kuliko mnavyofikiri, na kwenye mawe, kina cha kiuno tu, kuna samaki wadogo wa njano, wa buluu, wa milia, kama wa baharini. Ni wa ukoo wa sato. Zaidi ya aina mia mbili za ukoo huo zimo humu, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Mwambie amtafute samaki ambaye shavu limevimba. Majike ya aina nyingi hubeba mayai mdomoni, na vitoto vikianguliwa vinarudi humo humo hatari ikitokea. Mwanangu alipomwona mmoja akiyameza matoto yake alitoka majini analia, akidhani amewala. Tulingoja, tukamwonyesha yakitemwa.

Kama atauliza kina, ziwa hili linafika mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, ila samaki wanaishi sehemu ya juu tu, huko chini hakuna hewa ya kuvuta. Kuhusu usalama, msioge penye matete wala karibu na makazi, kichocho kipo. Mamba nao wapo sehemu za ziwa hili, hasa penye midomo ya mito, kwa hiyo kila ufuko muulize mwenyeji kabla ya kuvua nguo, na akisema hapana msibishane. Jioni hiyo ya mwisho kaeni mpaka jua lizame. Ule moshi wa Septemba niliousema, ambao unawanyima milima ya Kongo, ndio unaolifanya jua liwe jekundu na kubwa, likatazamika kwa macho bila kuumia.

Chakula. Migebuka, dada. Mgebuka ni samaki mwembamba mrefu, hapa anachomwa au anakaangwa mkavu, na nyama yake inaachana na mfupa vizuri hata mtoto anakula mwenyewe. Mkimpata kuhe, msimwache, ni mmoja wa wakubwa kabisa wa ukoo wa sato duniani, na supu yake mama ataisifu. Dagaa wabichi wakipikwa kwa mawese, na ugali wa muhogo pembeni, hicho ndicho chakula cha Kigoma. Kisamvu hapa nacho hupikwa kwa mawese, mkono wa Kongo huo. Kuleni kwa mama lishe wa Mwanga, mtaa wa hapahapa Kigoma, au wa mwaloni, si kwenye hoteli kubwa, kwa sababu huko mtapewa kuku na chipsi mlizoziacha Morogoro. Asiyezoea mawese aanze na kidogo, tumbo lina adabu zake.

Kurudi. Vitenge mtavipata mjini na Mwanga, vingi vinatoka ng'ambo. Kikunjue chote, upime mwenyewe kwa mkono, kisha ugeuze: kilicho kizuri rangi ya nyuma inakaribia ya mbele. Mawese nunueni Jumapili jioni. Ya karibuni yana rangi ya chungwa lililoiva inayoelekea nyekundu na harufu tamu, ya zamani yanakwaruza koo. Waulizeni shirika lenu la ndege kabla kuhusu kubeba mafuta, na mkikubaliwa, dumu lijazwe pungufu ya vidole viwili, kifuniko kizungushiwe gundi ya karatasi, kisha dumu zima livikwe kitenge cha zamani na kulala katikati ya sanduku. Shati jeupe nililovaa kwenye harusi ya mdogo wangu lina doa la mawese mpaka leo kwa sababu nilijaza dumu hadi mdomoni. Dagaa nao wakaushwe tena juani asubuhi hiyo kama mna nafasi, wafungwe kwenye mfuko wa karatasi nene, na mfuko huo ndani ya kiroba cha kitambaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata ingeruhusiwa, dagaa wakitoa jasho ndani yake watachacha kabla hamjafika nyumbani. Njooni na viroba vyenu.